Mgonjwa Aliyeitwa Maji

Nusrat Khalidi wa Pasiansi aliachiwa na mama yake taipureta moja nzito kama jiwe la kusagia, na tabia ya kutopenda kazi nusunusu. Mama huyo, Bi Mwanvua, alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Mwanza. Binti alipofikisha miaka saba alimkalisha mbele ya taipureta akamfundisha kwamba mstari ukiisha kuna mambo mawili ya kufanya: kurudisha mwanzo kigari kinachobeba karatasi, na kushusha karatasi hatua moja. "Ukisahau kushusha utaandika juu ya maandishi yako mwenyewe," alisema, "na mimi karatasi nyingine sikupi." Alimaanisha. Nusrat alilia siku hiyo, lakini hakusahau tena.

Akakua, akasoma kompyuta, akakuta mambo yale mawili yanamsubiri hukohuko. Kompyuta nazo, zinapotumiana maandishi, humaliza mstari kwa alama zisizoonekana: ya kurudi na ya kushuka. Tatizo ni kwamba kila mtengeneza mashine ana ukaidi wake. Mmoja hutuma zote mbili, mwingine hutuma moja tu na hajali.

Hospitali moja ya mjini ilimpa kazi ya kuandika programu ya kupokea majibu ya vipimo vya damu kutoka mashine ya maabara, kupitia mtandao wa ndani, na kuyaonyesha wodini. Kila jibu mstari mmoja. Nusrat aliifanya kazi ile kwa moyo wote, hasa baada ya kusikia manesi wakisema imewaokolea miguu. Miaka miwili ikapita bila lawama. Mashine ya zamani ikafa, ikaletwa mpya, naye akaambiwa kila kitu kinaenda vizuri. Akaamini, maana sote tunapenda kuamini habari kama hizo.

Kisha Jumapili moja mchana, Queen, mama kijana kutoka Buhongwa, alijifungua mtoto wa kiume akatokwa na damu nyingi. Sista Evelina, nesi wa zamu, alipeleka damu yake maabara. Precious, mpimaji mgeni aliyekuwa peke yake siku hiyo, akaiingiza kwenye mashine, mashine ikapima, naye akageukia kazi nyingine akijua jibu limeshafika wodini. Wodini skrini ilikuwa tupu. Dakika kumi. Dakika ishirini. Queen anazidi kuwa mweupe.

Sista Evelina amebakiza mwaka mmoja astaafu, na magoti yake ameshayalalamikia kwa kila daktari aliyepita pale. Lakini hakusubiri skrini. Alishuka ngazi, akavuka uwanja, akaingia maabara akasoma jibu kwenye uso wa mashine yenyewe: damu nne, kwa mama anayetakiwa kuwa na kumi na moja au zaidi. Aliliandika kwa kalamu kiganjani, akarudi karibu anakimbia. Queen akaongezewa damu, akapona.

Jumatatu asubuhi Nusrat aliitwa. Alikuja na maneno tayari mdomoni, kwamba waya umelegea, kwamba umeme ulikatika. Sista Evelina akamsimulia yaliyotokea, taratibu, bila kumlaumu, naye akayaacha maneno yale palepale.

Akaenda maabara, akafungua orodha ya majibu yote tangu mashine mpya ifungwe. Katikati ya majina ya watu akakuta jina moja linajirudia kila siku, mara tatu, mara nne. Maji. Damu sifuri. Akahesabu mara mia na sitini na tatu.

"Kaka Yeremia," alimwita mkuu wa wapimaji, "huyu Maji ni nani? Damu sifuri na kila siku anakuja kupima?"

Yeremia akacheka. "Huyo ni dawa yangu. Jibu la mwisho huwa linagoma kutoka kwenda wodini. Nikagundua nikipitisha kichupa cha maji nyuma yake, linatoka. Sasa mashine inadai jina la mgonjwa, nikaandika Maji."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua ndivyo inavyotakiwa! Hata ile ya zamani tulikuwa tunaipitishia maji asubuhi kabla ya kazi." Kicheko kikamwisha. "Jana nilikuwa Magu, kwenye kipaimara cha mwanangu. Precious sikumwambia."

Nusrat akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Alishaelewa. Alipoandika programu aliipa subira: ikiona alama ya kurudi, isiharakishe, ingoje herufi inayofuata ione kama ni ya kushuka, ndipo iutoe mstari. Mashine ya zamani ilituma zote mbili. Mpya hutuma ya kurudi peke yake, kisha hunyamaza. Programu, maskini, ikabaki imeshika jibu la mgonjwa ikingoja alama isiyokuja, mpaka jibu la mtu mwingine lifike nyuma yake. Asubuhi wagonjwa wakiwa wengi hakuna aliyetambua. Jumapili mchana, nyuma ya Queen hapakuwa na mtu.

Dawa yake ilikuwa mistari sita tu ya programu. Programu ikiona alama ya kurudi, itoe jibu palepale. Ila ikumbuke: herufi itakayofuata ikiwa ni ya kushuka, iimeze kimyakimya, isidhani ni mstari mwingine. Wakajaribu kwa kichupa kimoja cha damu. Sista Evelina akapiga simu kutoka wodini kabla Yeremia hajavua glavu: limefika. Mkono wa Yeremia ulikuwa tayari unafuata maji, kwa mazoea, Nusrat akaushika.

"Mwache mgonjwa Maji, kaka. Leo tumemruhusu aende nyumbani. Na ahsante. Umewabeba watu wangu wiki zote hizi bila mimi kujua."

Angeweza kuishia hapo. Hakuna mgonjwa aliyejua jina lake. Lakini alishazoea kumaliza, akapanda wodini, akasimama kando ya kitanda cha Queen.

"Hongera, mama. Mimi ndiye niliyeandika programu inayoleta majibu. Yako yalikwama kwa sababu yangu. Nimekuja kuomba radhi."

Queen alimweka mtoto vizuri kifuani.

"Umeshaitengeneza?"

"Nimeshaitengeneza."

"Na huyu?" Alionyesha kwa kidevu kitanda cha jirani, ambako mama mwingine alikuwa anatolewa damu muda huohuo. "Yake hayatakwama?"

"Hayatakwama."

Queen akashusha miguu chini, akamwinua mtoto, akamnyooshea Nusrat.

"Basi nishikie huyu nikaoge. Tangu jana sijapata mtu wa kumwachia."

Nusrat akampokea kwa mikono miwili, akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia kwa shukrani asijali nani anamwona, mtoto wa watu amelala mikononi mwake.