Kioo cha Kushoto

Kompyuta hii ya mezani iliyo kushoto kwangu si yangu. Ni kuukuu, feni yake inakoroma kutwa, na ikiachwa peke yake haiwezi tena kazi yoyote ya maana. Lakini ukiiunganisha na laptop kwa waya na kuiwekea programu yake, inakuwa kioo cha pili. Ilikuwa ya Bi Mkato. Nitasimulia ilivyonifikia, ili mtu asije akanidhania mwema.

Bi Mkato tulimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuruka hata mkato mmoja. Sisi ni wachapaji, tunanakili vitabu vya zamani vya viwanja. Ukurasa ulioandikwa kwa mkono unapigwa picha, unatumwa nyumbani kwako, nawe unajaza fomu: mwenye kiwanja, warithi, tarehe, saini ipo au haipo. Kila ukurasa wanapewa watu wawili, na hakuna anayejua mwenzake ni nani. Majibu yakifanana yanaingia moja kwa moja kwenye daftari jipya na hakuna anayeangalia tena. Yakitofautiana, msimamizi anafungua picha, na aliyekosea anaandikiwa kosa. Makosa matatu kwa mwaka, unafungasha virago.

Kwa laptop peke yake kazi ile ni adhabu. Unafungua picha, unakariri mstari, unaifunga, unachapa, unasahau, unarudi tena. Ikifika saa nne asubuhi macho ya Bi Mkato yanatoa machozi. Ndipo kaka yake mkubwa akamletea kompyuta hii, pamoja na fundi wa kuiunganisha.

"Mdogo wangu, utapofuka bure," alimwambia mbele yangu. "Huku weka picha, huku andika. Mimi nimeshanunua nyingine."

Bi Mkato alimmwagia sifa kaka yake mpaka tukachoka masikio. Chumba chake cha kupanga kilikuwa na meza moja tu, na kompyuta ilipokalia meza, yeye akawa anakula kitandani, sahani mapajani.

"Si kwa muda mrefu," aliniambia akicheka. "Nikihamia kwangu nitanunua meza mbili."

Kwake ni vyumba viwili vya nyuma katika nyumba aliyoacha baba yao. Mama yao aliitaja sehemu hiyo mbele ya ukoo mzima kabla hajafariki. Kaka ndiye aliyekuwa akiishi mle, na kila akiulizwa alijibu kwamba faili bado liko ofisini, mdogo wangu tulia. Miaka sita mwenzangu anapigwa kalenda, na bado alikuwa ameshapima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Jumanne moja nilifungua ukurasa wangu wa kwanza nikakuta nyumba ile. Mrithi wa pili ameachia sehemu yake yote kwa kaka yake, bila kudai chochote. Jina la Bi Mkato, la baba yake, la babu yake. Chini yake, saini.

Miaka tisa tumesaini karatasi moja ya mahudhurio kila Ijumaa, tunapokutana ofisini. Saini ya Bi Mkato ni ndogo, imesimama wima, ina nukta mwishoni. Ile ilikuwa mizunguko mitupu. Na tarehe yake ilikuwa ya lile juma alilolala sakafuni wodini, kando ya kitanda cha mama yake. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea nguo za kubadili, na sikumbuki akitoka hata mlangoni.

Nilijua. Nisijitetee, nilijua. Lakini nilikuwa na makosa mawili mwaka ule, na kanuni yetu ni moja: andika unachokiona. Nikaandika "Ipo", nikabonyeza kutuma, nikatoka kuanika nguo. Hata simu sikumpigia.

Ijumaa msimamizi alimsimamisha mbele yetu sote.

"Kwenye picha kuna saini. Wewe umeandika haipo. Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi sikusaini."

"Sikuulizi kama ulisaini. Nakuuliza, kwenye picha kuna saini au hakuna?"

Mwanamke ambaye hakuwahi kuruka mkato alikuwa ameombwa aseme anachokiona.

"Ipo," akasema.

Msimamizi alisema kubadili ukurasa unaokuhusu si kosa moja, ni makosa yote kwa pamoja. Kuhusu kughushi, aende mahakamani. Akamnyang'anya kitambulisho palepale. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, nikasaini karatasi ya Ijumaa.

Jioni ile alikwenda kwa kaka yake. Kaka hakugombana naye. Alimkaribisha kiti, akamwambia, "Mdogo wangu, imeshaingia kwenye mfumo. Hata hao wenzako wachapaji wameona ulisaini. Sasa mimi nifanye nini?"

Baada ya mwezi Bi Mkato alihama kwenda kwenye chumba kidogo zaidi, kwa watu asiowajua. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Kompyuta ilikuwa imebaki mezani, waya umeviringwa vizuri, kioo kimefutwa vumbi.

"Ichukue wewe," alisema. "Kitu cha yule mtu sikitaki. Na wewe macho yako yameanza kuchoka, nimeyaona."

Nilisema siwezi. Akaniwekea waya mkononi.

"Najiuliza tu kuhusu yule mwenzangu wa ukurasa ule," alisema, akikalia ukingo wa kitanda. "Angeandika haipo, tungefanana. Hakuna ambaye angeangalia tena. Ningekuwa na vyumba vyangu."

Ilikuwa nafasi yangu ya kukiri, na nisingeipata nyingine.

"Lakini simlaumu," akaendelea. "Aliandika alichokiona. Angejua ni mimi, asingefanya vile."

"Asingefanya," nikasema.

Akanisaidia kuibeba mpaka barabarani, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, akinihimiza niangalie mgongo wangu. Tangu siku hiyo picha naziweka kushoto na fomu kulia. Napeleka kurasa nyingi kuliko mchapaji yeyote, na macho hayaniumi kabisa.