Sekunde Tatu za Kimya

Siku yangu ya kwanza kazini Carrollton, Texas, mwaka 2017, nilifika nimevaa suti ya kanisani, nikamkuta Mkurugenzi amepiga magoti chini ya meza akifunga nyaya kwa solotepu. "Wewe ndiye mhariri kutoka Dar es Salaam?" akauliza bila kuinuka. "Shika hapa." Nikashika. Nilikuwa nimevuka sitini, nimewafuata wajukuu Marekani, na sikuwa na nia ya kushinda nyumbani nikikunja nguo za watu.

Mkurugenzi alikuwa Mhindi Mkristo wa Kerala. Kwao aliongoza kituo kizima cha televisheni, ana dereva na katibu muhtasi. Texas alianza upya na vyumba viwili nyuma ya duka la viungo, akirusha video mtandaoni kwa wahamiaji: harusi, ibada, na zaidi ya yote misiba ya nyumbani, kwa ajili ya wale wasioweza kusafiri. Tulizungumza Kiingereza, ila Watanzania wa pale walishamfundisha kuniita Mama.

Kazi yangu ilikuwa kukata. Kukata maana yake ni kubonyeza kitufe ili picha ihame kutoka kamera moja kwenda nyingine, mtazamaji asijue kama kuna mtu amebonyeza. Bosi alikuwa na sheria moja, akiirudia kama sala. "Mama, kimya kikizidi sekunde tatu, kata. Mtu atadhani mtandao umekatika, ataondoka." Nami nililelewa hivyo hivyo kwenye televisheni Dar es Salaam, kwa hiyo hapo hatukugombana. Tuligombana juu ya chai yake, ambayo mpaka leo nasema ni uji wa sukari.

Mwaka uliofuata tukarusha mazishi kutoka Kenya. Mteja alikuwa Njeri, nesi wa Missouri City, kule Houston. Aliyezikwa ni mama yake mzazi, na karatasi za uhamiaji za Njeri zilikuwa bado; angetoka Marekani, asingeruhusiwa kurudi. Mchungaji akamaliza sala, jeneza likashushwa, watu wakanyamaza. Moja, mbili, tatu. Nikakata. Nikaweka picha nzuri ya marehemu na muziki wa kinanda. Niliporudisha kamera, kaburi lilikuwa limejaa nusu. Nikajiona nimefanya kazi safi.

Njeri akapiga simu saa ile ile. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Mama, nilikuwa nime-hold udongo kwa mkono," alisema. "Nimeutoa kwa garden yangu ya sukuma wiki. Nilikuwa na-wait ma-brother zangu waanze kurusha, nirushe pamoja nao. Mkaniwekea piano."

Nilimweleza Mkurugenzi. Akavua miwani, akachukua ufunguo wa gari. "Sheria ni yangu," akasema. "Twende."

Tuliendesha zaidi ya saa nne bila redio. Sebuleni kwa Njeri karai aliloandaa la kurushia udongo lilikuwa bado chini, na udongo pembeni. "Mkono uliobonyeza ni wa Mama," Mkurugenzi alimwambia, "lakini aliyeufundisha ni mimi. Nisamehe." Tulikuwa tumemletea picha zote za kamera ya kaburini, hazijakatwa hata kidogo. Njeri akatazama amesimama. Kaka zake walipoinama naye akainama, akarusha. Nililia waziwazi, mtu mzima na heshima zangu. Kisha akatusongea ugali, akatulazimisha kula.

Tangu siku hiyo tulikuwa na sheria nyingine: msiba haukatwi mpaka mwenye msiba aondoke mwenyewe.

Mwaka 2020 mama yake Mkurugenzi akafariki Kerala, na hakukuwa na ndege ya kumpeleka. Asubuhi ile tulikaa ofisini na barakoa, kila mtu pembe yake. "Leo mimi ni mteja," alisema. "Kiti ni chako." Mpwa wake alikuwa akipiga picha kwa simu; zamu yake ya kurusha udongo ilipofika, akailaza simu kwenye nyasi. Skrini ikabaki anga tupu, na sauti ya majembe. Ikapita dakika, zikapita tano. Vidole viliniwasha kwa mazoea ya miaka yote, nikavikalia. Mkurugenzi akachota udongo kwenye chungu cha maua yetu ya ofisini, akauachia polepole sakafuni. Alipoinuka ndipo nilipofunga matangazo.

Nilistaafu mwisho wa mwaka huo. Vijana mnaoingia kazi hii, vitufe mtavijua kwa wiki moja, na mashine zitabadilika kabla hamjazizoea. Kumngoja mtu amalize huzuni yake kulinichukua maisha yangu yote, na nilijifunza kwa kumuumiza mtu. Hilo bado linanichoma.

Wenzangu waliniaga mtandaoni, kila mmoja kwenye kidirisha chake. Wakaimba, wakapunga mikono, vidirisha vikazimika kimoja kimoja, kikabaki cha Mkurugenzi. Mkono wake haukwenda kwenye kitufe. Alikuwa akinisubiri niondoke kwanza. Nami nilikuwa nikimsubiri yeye. Tukakaa hivyo tukitazamana, mpaka chai yangu ikapoa.