Laini Arobaini na Moja za Kwa Lewa

Kitsao alikuwa mgema kwa miaka thelathini na tisa, na kwa miaka sita ya mwisho alikuwa pia mnara wa simu. Hiyo kazi ya pili hakuiomba.

Kijiji cha Kwa Lewa kiko bondeni, bara ya Matsangoni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara ya lami. Mnara wa kampuni uko huko barabarani, na katikati kimekaa kilima. Mawimbi ya simu hayajui kupanda na kushuka. Yanagonga kilima na kuishia hapo. Bondeni simu ni tochi tu. Lakini juu ya mnazi mrefu ulio karibu na shule, mawimbi hupita juu ya kilima na kufika bila kizuizi. Kitsao aligundua hilo siku aliyopanda kugema akiwa na simu mfukoni. Ikaanza kulia, naye amekumbatia shina kwa mkono mmoja na mkono wa pili una kisu.

Tangu siku hiyo watu wakawa wanamletea simu zao. Mtu aliandika ujumbe wake nyumbani, akabonyeza kutuma, ujumbe ukakwama. Kitsao alizitia simu zote kwenye kikapu cha ukindu, akakitundika begani pamoja na kibuyu chake, akapanda vidato alivyovichonga mwenyewe kwenye shina. Kule juu, wakati akigema, ujumbe uliokwama uliondoka wenyewe na mwingine ukaingia. Alipanda asubuhi, akapanda tena jioni.

Ulikuwa utu, na ilikuwa aibu vilevile, ila aibu haikuwa yake. Nyale, mgema mwenzake, alianguka mwaka juzi akavunjika nyonga, na hajapanda tena. Magoti ya Kitsao nayo yalikuwa yameanza kumgomea. Siku atakayoshindwa, kijiji kizima kingezimika. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kutia sahihi barua ya kuomba mnara, na ndiyo maana aliketi mbele kabisa darasani siku kampuni ilipomtuma mhandisi wake.

Mhandisi alikuwa binti wa Malindi aliyeitwa Sahla. Aliwaamkia wazee wote shikamoo, mmoja mmoja, kisha akafungua kompyuta akawaonyesha ramani. Bonde lote lilikuwa limepakwa kijani.

"Wazee wangu, ombi lenu limekataliwa," akasema. "Mitambo yaonyesha hapa mna mtandao, tena mzuri. Laini arobaini na moja zaingia kila asubuhi na kila jioni. Hata intaneti ya kasi yawafikia."

Kitsao akahesabu kichwani simu za kikapuni. Zilikuwa arobaini na moja.

"Mwanangu, hizo ni mimi," akasema. "Nazipandisha mnazini."

Akamweleza yote. Sahla akautazama mnazi kupitia dirishani, uso ukamshuka.

"Mtambo hauoni mnazi, baba. Waona laini."

"Basi wewe uliyeuona, andika."

"Nitaandika. Lakini kwenye fomu yao hakuna mahali pa kuandika mnazi."

Hapo Kitsao akachemka. Miaka sita anahatarisha shingo yake kwa sababu kampuni haijafika, leo shingo hiyohiyo imekuwa ushahidi kwamba imefika! Watu wamekaa ofisini kwenye ubaridi wa mashine, wanaona jasho lake kwenye kioo na kuliita huduma yao. Aliyasema hayo mbele ya chifu, na hakuna aliyemwambia apunguze sauti.

Sahla alikuwa na njia moja tu ya kuwapa. Kampuni ina sheria yake: mahali pasipoonekana laini hata moja kwa siku tisini, ombi hufunguliwa upya. Ikionekana moja, hesabu huanza mwanzo.

Wakakubaliana. Kikapu kikatundikwa ukutani mwa nyumba ya Kitsao, naye akawa anapanda na kibuyu peke yake. Masika yakaingia. Kila siku iliyopita ilichorwa kwa mkaa kwenye ukuta wa darasa.

Siku ya themanini na mbili, mto umefurika na njia ya Matsangoni imekatika, akaja Hawe Kache. Hawe ni bibi kwa lugha ya nyumbani, na kijiji kizima kilimwita hivyo. Binti yake Pamela alikuwa amepelekwa kujifungua Mariakani, mimba imemsumbua tangu mwanzo, na wiki nzima hakukuwa na habari. Kikongwe akasimama chini ya mnazi, simu ameifumbata.

"Sikuja kukuomba upande, mwanangu," akasema. "Nimekuja tu kusimama karibu na mahali habari zilipo."

"Zimebaki siku nane, Hawe."

"Najua. Nami nahesabu."

Hasira ikamkaba Kitsao, na haikuwa ya kumkasirikia kikongwe. Ni nani huyo aliyetunga sheria ya kumtaka mama anyamaze miezi mitatu ndipo asikilizwe? Akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaitia mfukoni, akapanda.

Kule juu simu ikatetemeka. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa juzi: "Mama, napelekwa kupasuliwa. Niombee." Kitsao hakuusoma kwa sauti. Akakaa pale ameng'ang'ania shina, akiilaani kampuni na wote wanaokula mshahara wake. Kisha ukaingia wa pili, wa alfajiri ile.

"Hawe, ni msichana," akaita. "Pamela ni mzima. Mtoto wamempa jina lako."

Hawe Kache akakaa chini pale pale mchangani. Watu walikuwa wameshakusanyika. Hakuna aliyelalamika, ingawa kila mmoja alijua kwamba laini moja imeonekana na siku themanini na mbili zimekwenda bure.

Kitsao akashuka polepole, akamrudishia kikongwe simu yake. Akaingia nyumbani, akakitungua kikapu ukutani, akakikung'uta vumbi.

"Leteni hizo arobaini zilizobaki," akasema. "Tumeshahesabiwa."