Risasi Ndani ya Mashine

Kijiji chetu cha ujamaa, nje kidogo ya Sumbawanga, kilikuwa na mashine moja ya kusaga, na mwendeshaji nilikuwa mimi. Bushi, ile pete inayoshikilia shafti, ilipolika, mashine ikaanza kutetemeka na mimi nikakosa usingizi. Nilipopata mpya mjini, nikawaonyesha akina mama waliokuwa kwenye foleni na madebe yao ya mahindi.

"Hii ni shaba iliyochanganywa na risasi," nikasema kwa majivuno. "Mafuta yakipungua, risasi inajipaka kwenye shafti ili isikwame."

Hawakusikia mengine. Walisikia risasi, si yale madini laini, bali ile ya bunduki ya mgambo. Bibi aliyekuwa wa kwanza akajitwika debe lake, na foleni nzima ikamfuata.

Niliwakimbilia hadi kisimani. "Shikamoo bibi. Bushi haigusi unga hata kidogo."

"Marahaba. Basi ule wewe kwanza."

Nikarudi nimefura. Nikaifunga bushi, nikasaga mahindi yangu, nikasonga ugali palepale mlangoni na kuumaliza wote huku akina mama walionifuata wakinitazama. Mashine ilikuwa imetulia kuliko siku zote, lakini mimi nilishinda nikizunguka kama kuku anayetaka kutaga.

Kulipokucha nikasikia hodi. Nikafungua mlango haraka, nikijua wamekuja kusaga. Uani walijaa akina mama walewale, na hakuna aliyebeba debe. Walikuwa wamejitwika kuni, kama watu wanaokwenda msibani.