Sisimizi wa Choo cha Buguruni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoingia chooni na chupa ya mafuta ya taa kwenda kuwaua sisimizi, kumbe walikuwa wameniletea habari.

Nilikuwa kijana muuza mashati Kariakoo, nimepanga chumba Buguruni, nyumba ya wapangaji wengi na choo kimoja uani. Nilikuwa na kiu isiyokatika. Nikajitibu kwa akili yangu ya sekondari: juisi ya miwa, bilauri juu ya bilauri. Nikinywa, kiu inazidi; ikizidi, naongeza. Usiku sikulala kwa kwenda kukojoa. Mwili ukapukutika, na rafiki yangu Hamisi, muuza mikanda, akawa kila mara ananitobolea tundu jipya.

"Oya, tukiendelea hivi nitakuuzia mkanda wa mtoto."

"Ni mapenzi haya," nikamjibu. Nilikuwa nimeshachumbia, na wakati ule niliona fahari kukonda kwa ajili ya mtu.

Basi chooni wakajaa sisimizi. Wapangaji wakamshuku Mama Zuhura, mkaanga visheti, kwamba anamwaga shira humo. Nyani haoni kundule: mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote, nikataka ahamishwe. Bi. Mwajuma, mwenye nyumba, alitusikiliza tu.

Asubuhi ile akanikuta na chupa yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Juzi ulipokwenda kulala msibani Mbagala, hawa sisimizi ulikwenda nao?"

"Sijakuelewa, bibi."

"Mama Zuhura alikaanga siku zote ulipokuwa huko, na chooni hakuna aliyetambaa. Umerudi, na wageni wako wamerudi. Shira ni yako wewe: mkojo wako una sukari."

Uani wote wakaangua kicheko. Mama Zuhura, bila kuinua macho kwenye karai, akasema, "Kumbe nina mshindani wa biashara."

"Lakini bibi, kisukari si cha wazee wenye vitambi?"

"Sisimizi hawakukuuliza umri. Vaa viatu."

Akanipeleka zahanati mwenyewe, kanishika mkono kama mtoto wa chanjo. Sukari ilikuwa juu vibaya. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu ningeletwa nimebebwa, na mchumba wangu angevaa kaniki badala ya shela. Tangu hapo najichoma insulini. Nilimwomba Mama Zuhura radhi, na visheti vya harusi yangu akakaanga yeye. Wageni walivisifu, mimi nilivitazama.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nayaficha huku nikiyanywesha miwa. Ukiona kiu haikati, unakojoa kila saa, unakonda bila sababu, umechoka, macho yana ukungu au kidonda hakiponi, nenda ukapime. Huenda si sukari. Acha kipimo kiseme, maana ni tone moja la damu. Ukiongeza kutapika, tumbo kuuma na kuhema mbiombio, usingoje kesho, kimbilia hospitali. Usijidanganye kwamba wewe kijana. Wala usisubiri sisimizi: vyoo vya siku hizi vina maji ya kuvuta, hawatapata nafasi ya kukuarifu.

Mungu akupe kiu inayokatwa na maji ya mtungini, mkanda usiodai tundu jipya, na mwenye nyumba anayejua nani kalala wapi. Amina.