Pua ya Marehemu

Mtaa wetu unaitwa Umoja, na aliyeupa jina hilo sidhani aliwahi kukaa kwenye mkutano wetu hata mmoja. Kila mwaka, ukifika mwezi aliopigwa risasi yule kiongozi aliyetumia maisha yake kutuhubiria kwamba makabila yote ni sawa, tunakodi hema na viti, tunamkumbuka mpaka chakula kiishe. Mwaka juzi kamati iliamua kumkumbuka zaidi. Tungeweka kichwa chake cha mbao mlangoni mwa ukumbi wa mtaa.

Baba yangu ni mchongaji, Mkamba aliyekuja Nairobi kijana akiwa na tezo na patasi mbili. Alijitolea kukichonga kichwa hicho bure, kwa sharti moja tu: siku hiyo apewe dakika mbili za kusema asante. Zamani, vibanda vya wachongaji vilipokuwa vikigawiwa, karani alimuuliza anatoka wapi, na alipojibu akaonyeshwa mlango. Kiongozi yule, wakati huo hajawa mtu mkubwa, alikuwa amesimama hapo hapo. Akamwambia karani, "Ametoka kwenye foleni. Mpe kibanda." Kibanda hicho ndicho kilichonisomesha. Baba hakuwahi kupata nafasi ya kumshukuru, na sasa kifua chake kimeharibika kwa vumbi la mbao na hana miaka mingi ya kungoja.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Mwenyekiti, bwana mwenye nyumba tatu za ghorofa, alitaka kamati yenye sura ya Kenya, kwa hiyo nikapiga mistari daftarini: jina, nyumba, simu, kabila. Niliipiga kwa rula, ikanyooka vizuri sana. Kila kabila mjumbe mmoja, na kila mjumbe hotuba moja. Tulibishana wiki tatu sala ya kufungua mkutano iombwe kwa lugha gani, na wiki ya nne tukabishana ni akina nani watapika pilau. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, lakini sisi hata bandarini hatukuwa tumetoka.

Kisha wajumbe wakaanza kumtembelea baba nyumbani. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti. Alikizunguka kichwa mara mbili, mikono nyuma, kama anayenunua ng'ombe.

"Mzee, kazi ni safi," akasema. "Lakini hii pua, tusidanganyane, ni ya watu wa kwenu. Punguza kidogo."

Baba akapunguza. Jumamosi iliyofuata akaja mama mwenye duka la jumla. "Mzee wangu, mbona sasa amefanana na watu wa mwenyekiti? Watu wataongea." Baba akapunguza tena. Wa mwisho alikuwa dereva mstaafu, wa kabila la marehemu mwenyewe, na huyo ndiye aliyekuja na uchungu kuliko wote. "Sisi ndio tunamjua. Huyu si wetu kabisa. Toa hapa, na hapa." Dereva mwenyewe alikuwa amemwona marehemu gazetini tu, sawa na mimi.

Nilimwambia baba awafukuze.

"Katibu ni wewe," akasema, akipuliza vumbi kwenye patasi. "Wafukuze wewe."

Sikuwafukuza. Nilikuwa nimekipenda cheo changu, cheo kisicho na mshahara wala kiti chake. Siku mbili kabla ya sherehe mwenyekiti akaniambia zile dakika mbili za baba hazipo tena, kwa kuwa hotuba ya Wakamba amepewa mwalimu mmoja mstaafu, na kabila moja haliwezi kusema mara mbili. Nikaandika jina la mwalimu. Baba sikumwambia. Naona aibu hata sasa ninapoandika haya.

Siku yenyewe hema lilijaa. Mwenyekiti akavuta kitambaa, vigelegele vikaanza, vikakatika. Paji la uso lilikuwa la marehemu, macho yake, mdomo wake. Katikati palikuwa bapa kama kibao cha chapati.

"Mzee," mwenyekiti akanong'ona, akisahau kwamba kipaza sauti kiko mkononi mwake, "pua iko wapi?"

"Mlikuja mkaichukua," baba akasema. "Mbao ukishaitoa hairudi."

Mwenyekiti akanisukumia kipaza sauti ili niite wasemaji haraka, watu wasahau. Wakasema mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaeleza jinsi marehemu alivyowapenda watu wa kwao kuliko wengine. Hakuna aliyeangalia kichwa. Nilipofunga daftari nikaona baba ameinuka, amevaa koti lake la harusi yangu, anakuja mbele polepole kuchukua dakika zake mbili. Alikuwa anazisubiri bado.

Kila msemaji nilikuwa nimemuuliza swali moja kabla ya kumpa kipaza sauti. Ulimi ukaenda wenyewe.

"Unasema kwa niaba ya watu gani?"

Baba akaniangalia. Hakukasirika, na ningeshukuru kama angekasirika.

"Niandike wa foleni," akasema.

Nikafungua daftari tena. Mistari yangu ilikuwa imenyooka, na hapakuwa na mahali pa kumwandika.