Kwaya ya mke wangu ilitaka sare hadi ya uso. Mkorogo ulivyotufikisha kwa daktari wa ngozi

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mjini na wa mlimani.

Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwangu. Siyo chai ya kutunga, na siuzi kitu. Najua humu ukitaja ngozi tu kuna mtu anakuja PM na orodha ya serum. Mimi ni fundi rangi wa magari, gereji ipo Sombetini, nyumbani ni upande wa Makumira.

Majina nimebadilisha, kwaya siitaji, na picha hakuna. Msiombe.

Wife, tumwite Mama Gift, ni muimbaji. Siyo wa bafuni. Solo nyingi za kwaya yao ni zake. Mimi mwenyewe nilimsikia kabla sijamuona. Nilikuwa msibani Nkoaranga, ndiko kwao, nimesimama nje ya turubai na wanaume wenzangu, nikasikia mtu anaanzisha wimbo. Nikauliza huyo ni nani. Mengine mnaweza kumalizia wenyewe.

Sasa kwa wasiozijua kwaya zetu za huku: kwaya ni sare. Kitenge sare, viatu sare, mtindo wa nywele sare. Ukikosea rangi ya kiatu siku ya tukio unapangwa mstari wa nyuma na hakuna wa kukutetea.

Kwaya ikaamua kutoa albamu. Utaratibu ni ule wa kwaya zote: kwanza mnaingia studio kurekodi sauti. Baada ya muda ndiyo mnakwenda location kupiga video, kwenye maporomoko au bustani ya maua. Huko hamuimbi. Mnawekewa wimbo kwenye spika, mnafungua midomo kuufuata.

Sauti ikarekodiwa. Wimbo uliobeba jina la albamu, solo ni ya Mama Gift mwanzo mwisho. Aliporudi kutoka studio siku ile alikuwa anaosha vyombo huku anatabasamu peke yake.

Kikao kilichofuata, mama mwenyekiti wa kwaya akaleta hoja. Kwamba kwenye video ya zamani kamera iliwaumbua. Mmoja ana madoa, mwingine kaungua na jua la shamba, mwingine anang'aa, yaani mstari hauna umoja. Akasema safari hii waingie kwenye video wakiwa kitu kimoja, kuanzia viatu mpaka uso.

Hoja ikaungwa mkono. Wakuu, sare ya uso.

Mwenyekiti alikuwa na ndugu yake mwenye duka la vipodozi mjini. Vikaja kopo kubwa la losheni, mafuta fulani, na tube kadhaa ndogo. Baada ya mazoezi vikakorogwa kwenye beseni, wakagawana kwenye vikopo vya siagi, sauti kwa sauti. Soprano wakapata, alto wakapata, hadi tenor na bass. Mzee mmoja wa bass nasikia alipaka kwenye visigino, akasema usoni Mungu alishamaliza kazi yake. Ndiye pekee aliyetoka salama.

Tuseme ukweli: kile kitu kilifanya kazi. Chunusi zikalala, madoa yakafifia, wife akawa laini kama mtoto. Nilimsifia, na alikuwa kapendeza kweli.

Shida ilianza alipokwenda kumuuguza shangazi yake na kukisahau kikopo nyumbani. Karudi uso unawasha, unawaka moto, vipele vimezunguka mdomo. Akapaka mkorogo, vikatulia. Basi akaamini kabisa kwamba kile kikopo ndiyo dawa, na ugonjwa ni kukosa kupaka.

Ikawa hivyo. Akiruka siku, uso unawaka. Akipaka, unatulia. Halafu ikafika mahali hata akipaka hautulii vizuri. Mvuke wa sufuria ya ndizi ulikuwa unamuuma. Asubuhi moja alijifuta kwa taulo la kawaida, shavu likachubuka. Hapo niliogopa. Nikafunga gereji, tukaenda mjini kwa daktari wa ngozi.

Daktari alikuwa dada wa makamo, mpole. Hakumsema. Aliomba kuona kikopo, akauliza zile tube zilikuwa rangi gani na zimeandikwaje, akamuangalia mashavu kwa kioo chenye taa. Kisha akatueleza, na nitajaribu kuyaweka kwa lugha yangu.

Kwenye zile tube kulikuwa na steroid kali. Steroid siyo sumu, wakuu. Ni dawa halali na inasaidia watu, ikipakwa mahali sahihi kwa muda uliopangwa. Lakini ile kali imekusudiwa sehemu zenye ngozi nene, kama kiganja na unyayo. Ngozi ya uso ni nyembamba, inainywa dawa haraka.

Ukiipaka, inabana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe, na inapunguza pia utengenezaji wa rangi ya ngozi. Ndiyo maana unapendeza upesi. Huku chini inakula ule utando unaoshikilia ngozi, ngozi inakonda. Ukiacha ghafla, mishipa iliyokuwa imebanwa inafunguka yote, uso unavimba na kuwaka. Kwa ngozi zetu nyeusi, wekundu hauonekani vizuri, unaona tu uso umeiva kama zambarau.

Mimi nilielewa mara moja. Ni sawa na mteja anayekuletea gari lenye kutu, anakuambia piga rangi juu, kuna harusi Jumamosi. Litang'aa Jumamosi.

Kingine, losheni ya kopo kubwa alihisi ina hydroquinone. Hiyo inazuia ngozi kutengeneza melanin, yaani ile rangi yake, na kwenye vipodozi hairuhusiwi. Melanin ndiyo mwavuli wetu wa asili dhidi ya jua. Na watu wa mlimani tuna ujinga wetu: tunadhani kwa vile kuna baridi na mawingu, jua halina habari na sisi. Daktari akasema miale inayoharibu ngozi haijali baridi. Mawingu inayapita, na kadiri unavyopanda juu ndivyo inavyokuwa kali. Mtu kaondoa mwavuli wake, halafu anashinda kwenye shamba la kahawa bila kofia.

Mama Gift akauliza kuhusu laser na ile ya kumenya ngozi kwa dawa, maana kaona kwenye simu watu wanamenywa wanatoka wapya. Daktari akasema hizo ni tiba za kweli zikiwa kwenye mikono inayozijua, ila ngozi iliyokonda hivi ukiimenya unaiunguza, na ngozi nyeusi ikiungua inaacha doa jeusi zaidi ya lile ulilolikimbia. Kwanza ipone.

Akampa krimu ya steroid nyepesi zaidi ya kushukia taratibu ili mwili usishtuke, vidonge vya vile vipele, losheni isiyo na harufu na sunscreen. Vingine vyote vitupwe.

Ndipo akasema neno ambalo wife hakulitegemea. Uso utaharibika zaidi kabla ya kupona, na ni kazi ya miezi.

Video ilikuwa imekaribia.

"Daktari, siwezi kuendelea kupaka mpaka tumalize kupiga video, halafu ndiyo niache?"

"Mama, siwezi kukufuata nyumbani. Ila ukiendelea, kila siku unaipunguza hiyo ngozi, na kuna madhara hayarudi."

Tulipofika nyumbani akaniambia, "Nikiacha, solo yangu inaondoka." Nikamwambia haiwezi kuondoka, si imesharekodiwa? Akaniangalia kama mtu anayemtazama mgeni. Nilikuwa bado sijaelewa.

Aliacha. Akamwaga kile kikopo shimoni mwenyewe, akabaki na dawa za daktari, sikumsukuma.

Na uso ukafanya kama daktari alivyosema. Ulivimba, ukatoa maji, ukachubuka magamba. Akawa anajifunika kanga mpaka machoni. Kanisani haendi. Kwao Nkoaranga, ambako alikuwa hapitishi wiki bila kumuona mama yake, akaanza sababu: mara kuna matope, mara Gift anakohoa. Mama mkwe akipiga simu anajibiwa tuko salama.

Mama mwenyekiti akaja kumjulia hali, kabeba sukari na sabuni kama desturi. Baada ya pole akaingia kwenye ajenda. "Mama Gift, paka kile tu wiki ya video, mpendwa. Ukimaliza uache. Sisi wote si tunapaka?"

Wife akakataa. Alikataa kwa heshima, ila alikataa.

"Basi tutafanyaje, maana kamera itakuwa kwako muda wote?" Akajijibu mwenyewe: kuna binti mmoja wa soprano, Witness, uso wake umekubali vizuri. Atasimama mbele, afungue mdomo. Sauti itabaki ya Mama Gift.

Ndipo nikaelewa kule kuangaliwa kama mgeni.

Siku chache baadaye Witness akaja nyumbani, kainamisha kichwa, anaona aibu. Katumwa. Ili midomo iendane na sauti, alitakiwa ajue Mama Gift anavuta pumzi wapi. Nilidhani wife atamfukuza. Akamkaribisha kwenye benchi la jikoni, akaweka wimbo kwenye simu.

"Hapa navuta. Hapa usifunge mdomo, nimeishikilia mpaka wenzangu waingie. Hapa pumzi ni ndogo, ya puani, kamera isiione."

Alimfundisha mpaka binti akaweza. Mimi nilitoka nje. Wakuu, niliumia kuliko siku niliyoona shavu limechubuka, na nilikuwa na hasira na watu wa Mungu ambazo sikujua nizipeleke wapi.

Video ikatoka. Nzuri kweli, kijani cha mlima kipo, maji yanashuka, Witness kanyoosha mkono, sauti ya mke wangu inatoka mdomoni mwake. Ikasambaa kwenye magroup. Watu wa Usa River wakawa wanamsimamisha binti wa watu barabarani kumpongeza. Wife aliitazama mara moja, akasema kamera ni nzuri, akaendelea kuchambua maharage.

Halafu ikafika Nkoaranga kwenye simu ya jirani, na mama mkwe akapiga. Hakusalimia. "Baba Gift, mlete huyu mtu hapa."

Tukaenda. Tumekuta mama kakaa nje anachambua kahawa. Shikamoo mama. Marahaba. Hata chai hajatukaribisha, akamwambia binti yake aliyejifunika kanga:

"Nimeonyeshwa wimbo. Sauti ni yako, naijua tangu unalia kitandani. Yule anayefungua mdomo ni nani? Nilijua umekufa, hawa wananificha."

Mama Gift akashusha kanga.

Uso wakati huo ulikuwa umeanza kurudi, lakini bado una mabaka na magamba pembeni ya mdomo. Mama mkwe alimtazama muda mrefu. Akafuta mikono kwenye gauni, akamshika mashavu, polepole.

"Hii ndiyo uliyonificha?"

"Nilikuwa naona aibu, mama."

"Wewe ulizaliwa, hujamaliza mwezi ukatoka upele mwili mzima. Nikakubeba mgongoni mpaka kanisani, sikukufunika, kila mtu akakuona. Leo ndiyo unaona aibu kwangu?"

Mke wangu, ambaye hakulia kwa daktari, hakulia kwa mwenyekiti, hakulia akimfundisha Witness, alilia pale. Na machozi yana chumvi, yakawa yanamuuma kwenye ile ngozi, akawa anapiga kelele "yananiwasha, yananiwasha" huku mama yake anampuliza mashavuni kama anapuliza uji. Mwisho wakawa wanacheka wote wawili. Mimi nikajifanya naangalia migomba.

Leo uso umetulia. Haujawa ule wa kwenye kikopo, umekuwa wake, na kuna mishipa miwili midogo shavuni ambayo daktari amesema labda itabaki. Anapaka losheni ya kawaida, sunscreen hata siku ya mvua, na kofia shambani. Jumapili anasimama mbele bila kanga. Wanakwaya kadhaa nao walipoishiwa mkorogo yakawakuta yale yale, na wa kwanza kuja nyumbani kuuliza njia ya kwa daktari alikuwa Witness. Wife alimsindikiza mwenyewe.

Nilichojifunza ni kwamba kitu kinachokupendezesha haraka kiulizwe kinafanyaje, siyo kinauzwa wapi. Na kama umeshapaka muda mrefu, usikurupuke kuacha kwa hasira baada ya kusoma uzi wangu. Nenda kwa daktari wa ngozi na kikopo chako mkononi, akushushe taratibu. Kupona kunapita kwenye kuharibika, na wakati huo ndiyo utajua nani anaweza kukutazama.

Madaktari mliomo humu, nilipokosea kwenye sayansi nirekebisheni, mimi ni mtu wa rangi za magari. Waliopitia haya tupeni uzoefu wenu, hasa wanaume mnaopaka na kukana. Wenye mawe nao karibuni, nimezoea.

Huu uzi nimemsomea Mama Gift kabla sijauweka. Aliuliza kama nimetaja kwaya, nikamwambia hapana, wala wimbo. Akasema:

"Sawa. Ila andika kwamba ile sauti ni yangu."

Ni yake.